Milimita moja ya uvimbe: hesabu ya kasi zinazohusiana na pumzi ya mtoto

Wengi wetu tuliopita mchepuo wa Fizikia, Kemia na Baiolojia tulijifunza hisabati tumizi, tukajibu maswali ya ngazi inayoteleza ukutani na tangi linalojaa maji, kisha tukayaweka kando. Makala haya yanayarudia maswali hayo ya kasi zinazohusiana kwa sababu moja. Yanaeleza kwa nini mtoto anayeonekana kupumua kwa shida kidogo saa mbili usiku anaweza kuwa mahututi ifikapo saa sita.

Ugonjwa wenyewe

Krupu ni uvimbe wa njia ya hewa, chini kidogo ya nyuzi za sauti, unaosababishwa mara nyingi na virusi. Huwapata zaidi watoto wa miezi 6 hadi miaka 3. Mtoto hukohoa kama anayebweka, sauti hukauka, na mlio mkali husikika anapovuta hewa ndani. Dalili huzidi usiku. Watoto wengi hupona bila madhara, lakini wachache huzibwa njia ya hewa kwa haraka. Hao ndio wanaotuhusu hapa.

Hatua nne za kutatua

Swali la kasi zinazohusiana hutupa kasi ya kitu kimoja na kututaka tutafute kasi ya kingine. Hatua zake ni hizi:

1. Taja vitu vinavyobadilika. Hapa ni nusukipenyo cha njia ya hewa (r), kwa milimita, na ukinzani dhidi ya hewa inayopita (R).

2. Andika mlinganyo unaoviunganisha. Poiseuille, tabibu wa Ufaransa wa karne ya 19, alionyesha kwamba kimiminika kinapopita kwa utulivu katika mrija, ukinzani hutegemea nusukipenyo kwa kipeo cha nne. Kanuni hiyo hutumika pia kwa hewa inayopita kwa utulivu: R = k/r⁴, ambapo k haibadiliki.

3. Tafuta kasi ya kila upande kwa kadiri muda unavyopita: dR/dt = −(4k/r⁵) × dr/dt.

4. Weka tarakimu mwishoni, si kabla. Mwanafunzi anayeweka r = 2 katika hatua ya pili ameigandisha njia ya hewa. Kisichobadilika hakina kasi, naye atapata jibu la sifuri.

Mfano

Tuchukulie mtoto mdogo ambaye njia yake ya hewa ina kipenyo cha milimita 4 mahali pake pembamba kabisa, yaani r = 2. Tuseme uvimbe unapunguza nusukipenyo kwa robo milimita kila saa, kwa kasi isiyobadilika: dr/dt = −0.25. Kasi hii ni ya mfano tu, kwa kuwa wagonjwa hutofautiana. Tukichagua k = 16, ukinzani wa mwanzo unakuwa 1, na mlinganyo wetu unakuwa dR/dt = 16/r⁵.

Mwanzoni, r ikiwa 2, ukinzani unaongezeka kwa kasi ya 0.5 kwa saa. Baada ya saa nne, r ikiwa 1, unaongezeka kwa kasi ya 16 kwa saa. Uvimbe haukuongeza mwendo hata kidogo, lakini ukinzani sasa unapanda kwa kasi mara 32 ya ile ya mwanzo. Ukinzani wenyewe, saa kwa saa, ni 1, 1.7, 3.2, 6.6, na 16. Kwa mtu mzima ambaye nusukipenyo chake ni milimita 4, milimita hiyo hiyo moja ya uvimbe ingeufikisha ukinzani takriban mara 3.2 tu.

Mtoto akilia, hewa hupita kwa msukosuko badala ya utulivu, na ukinzani huzidi hata kuliko hesabu hii.

Maana yake kwa mhudumu wa afya

Kosa la mwanafunzi katika hatua ya nne hutokea pia katika vyumba vyetu vya matibabu. Tunampima mtoto mara moja, tunaandika namba, kisha tunaichukulia kana kwamba itabaki vile. Kipimo kimoja hakionyeshi kasi. Rudia kumtazama na uandike saa ya kila uchunguzi.

Fikiria familia ya Mabwerebwere, wilayani Kilosa. Tuseme kusubiri usafiri na safari ya kwenda hospitali, iwe Kilosa mjini au Mikumi, vinachukua saa mbili. Masika huenda vikachukua zaidi. Katika mfano wetu, mtoto anayeondoka mwanzoni atafika akiwa na ukinzani wa 3.2. Anayecheleweshwa saa mbili "tumwangalie kwanza" atafika akiwa na 16. Kwa hiyo uamuzi wa rufaa ufuate hali atakayokuwa nayo mtoto atakapofika, si ile aliyonayo sasa.

Mlio wakati wa kuvuta hewa kwa mtoto aliyetulia ni dalili ya hatari, na mtoto huyo apewe rufaa ya haraka. Mpe deksamethasoni kabla ya safari, dozi moja ya miligramu 0.6 kwa kila kilo ya uzito. Dawa hiyo hupunguza uvimbe, yaani hubadilisha dr/dt yenyewe, lakini haifanyi kazi papo hapo. Usimchungulie kooni kwa kijiti. Mwache apakatwe na mama yake. Oksijeni ya damu inayosomeka vizuri isikutulize, kwani mara nyingi hushuka mwishoni.

Maana yake kwa mzazi

Mtoto anayekohoa kwa kubweka asipelekwe kukatwa kimeo. Uvimbe wa krupu hauko kwenye kimeo. Kukata huleta damu, maumivu na kilio, na hupoteza saa zile ambazo ukinzani bado ni mdogo. Mpakate mtoto, mtulize, na usikilize pumzi yake akiwa ametulia. Ukisikia mlio anapovuta hewa, au ukiona kifua kinabonyea chini ya mbavu, mpeleke zahanati usiku huo huo. Usisubiri kupambazuke.