Tela Likikuharibikia Njiani

Huenda wewe huna gari wala hutarajii kulipata. Lakini tela unalijua. Ndilo lililoleta mahindi yako toka shambani, ndilo lililobeba viti vya arusi ya binti yako, na siku ya sikukuu ya kigango ndilo lililochukua masufuria, magunia ya mchele na wanakwaya juu yake. Twalitumia tela kama jembe: likimaliza kazi twaliacha chini ya mwembe, twalisahau mpaka siku tunapolihitaji tena. Hapo ndipo taabu inapoanza. Nataka kukueleza habari hiyo kwa sababu ilinipata mimi mwenyewe, na sehemu kubwa ya kosa ilikuwa yangu.

Ilikuwa Novemba 2023, mvua za vuli zimekwisha anza. Tulitoka Kibaha asubuhi kwa pikapu inayovuta tela la magurudumu mawili, tukipeleka vifaa vya ujenzi katika kigango kimoja cha upande wa Kisarawe, mbele ya Mzenga. Tela lenyewe tulikodi. Mizigo niliiandika mwenyewe, kwa kuwa ndiyo kazi ya karani: mifuko 12 ya saruji, mabati, mabenchi manne, misumari, na sufuria mbili za akina mama. Kila kitu kilikuwa katika daftari. Tela halikuwamo. Sikuuliza liliwekwa grisi lini, wala mwenyewe hakuniambia.

Mtu atokaye Kibaha kwenda pande zile aweza kuzunguka kwa Pugu na mji wa Kisarawe, lakini mwenye mzigo hapendi msongamano wa magari wa njia ile. Sisi tulishika Barabara ya Morogoro mpaka Mlandizi, kisha tukakata kushoto kufuata njia ya Mzenga na Maneromango. Mlandizi tulisimama kunywa chai. Pale mtoto mmoja wa darasa la sita, mtumishi wa altare, ambaye mama yake alituomba tumfikishe kwa bibi yake, alitoka katika pikapu kwa kuwa mlikuwa na joto na watu wengi, akapanda juu ya mifuko ya saruji. Nilimwona akipanda. Nikasema moyoni, ni hapo tu, njia ya vumbi, hatutakwenda mbio.

Hatukwenda mbio, ni kweli. Baada ya mwendo wa saa moja hivi dereva alisikia pikapu inavutwa upande, na kabla hajasimama gurudumu la kushoto la tela likachomoka, likatupita, likaingia katika mikorosho. Tela likaangukia ubavu. Mtoto akarushwa pamoja na mfuko mmoja, akaangukia bega.

Sasa nieleze kilichotokea ndani ya gurudumu, maana mtu asiyejua husema ni bahati mbaya.

Katikati ya gurudumu la tela mna chuma cha mviringo ambacho mafundi hukiita habu. Ndani yake mna beringi mbili, ya ndani na ya nje, na kila moja ina vigololi vyembamba vilivyolala mshazari. Umbo hilo la mshazari si la jana. Lilitengenezwa na Henry Timken, fundi wa magari ya kuvutwa na wanyama huko St. Louis, Marekani, akapata hataza yake mwaka 1898. Aliona kwamba gari lenye mzigo likipinda kona, uzito hausukumi chini tu, husukuma na ubavuni pia, na beringi za zamani hazikuweza kustahimili mambo hayo mawili pamoja. Basi tela lako la mahindi linatembea kwa akili ya mzee huyo.

Beringi huishi kwa grisi. Tela likikaa miezi minne chini ya mwembe mvua ikilinyea, maji huingia kwenye habu, grisi hugeuka kama uji, na chuma hushika kutu mahali pale pale lilipoegemea. Nje huoni kitu. Siku ya safari unalipakia mzigo mzito, kutu ile inasaga, habu inapata moto, grisi iliyobaki inayeyuka na kutoka. Mwisho vigololi vinavunjika au vinagandana na ekseli, nati ya mbele inakatika, gurudumu linakwenda zake. Tena dereva hasikii, kwa kuwa injini yake inanguruma mbele na tela linalia nyuma. Gari lenyewe likiumwa husema. Tela hufa kimya.

Kumbe dalili ilikuwapo pale pale Mlandizi tulipokuwa tunakunywa chai. Kama ningalitembea hatua nne na kusogeza mgongo wa mkono karibu na habu, ningalijua. Habu iliyo nzima huwa vuguvugu tu. Ikiwa huwezi kuacha mkono wako hapo, au moja ni ya moto kuliko mwenzake, au unasikia harufu ya grisi iliyoungua, safari imekwisha mpaka fundi afungue. Fanya hivyo kila mnaposimama, na mara ya kwanza msingoje mbali: dakika kumi na tano toka nyumbani zatosha. Halafu gusa nati za gurudumu kwa spana. Gurudumu lililofungwa jana hulegea leo.

Na kama limekwisha kuharibikia njiani?

Watu kwanza. Nasema hivi kwa kuwa niliona wenzangu wawili wakikimbilia mifuko ya saruji, na mimi nilitazama mabati kabla sijamtazama mtoto. Alikuwa amekaa, ameshika mkono, hajalia. Dada mmoja wa kwaya alimfunga mkono kifuani kwa kanga, bila kuuvuta wala kuunyosha, na gari la mkaa lililokuwa likielekea Mlandizi likamchukua pamoja na yule dada. Baadaye tuliambiwa mfupa wa bega umevunjika, ule mwembamba wa mbele.

Kisha weka alama. Kila gari lapaswa kuwa na pembetatu nyekundu zinazong'aa. Ziweke mbali, si hatua tano kama tunavyoona. Kwenye njia ya vumbi mimi huhesabu hatua hamsini, kwenye lami hatua mia, pande zote mbili, na kama pana kona alama itangulie kona. Huna pembetatu, kata matawi. Lakini, ndugu yangu, ukimaliza yaondoe. Na mawe uliyowekea magurudumu yaondoe vile vile. Nani kati yetu hajaona jiwe katikati ya barabara usiku, limeachwa na mtu aliyekwisha fika nyumbani kwake akala na kulala? Mwendesha pikipiki anayelikuta saa tatu usiku huchukuliwa kupelekwa Tumbi, akiwa na bahati.

Jambo la tatu halijulikani na wengi: usilifungue tela toka kwenye gari kabla ya kushusha mzigo. Uzito ukiwa umeegemea nyuma ya ekseli, ukichomoa pini ule mkono wa kuvutia huruka juu kwa nguvu, na aliyeinama hapo atapigwa kidevuni. Liache limefungwa, shusha mzigo ukianzia nyuma, kisha ndipo uinue. Katika mchanga wa Kisarawe jeki huzama. Iweke juu ya ubao mpana. Zuia gurudumu la upande wa pili kwa mawe, mbele na nyuma. Wala mtu asitie mkono chini ya tela linalosimama kwa jeki peke yake. Panga magogo chini ya ekseli kwanza. Vijana wetu hupenda kuonyesha ushujaa hapo, nao wazee huwaangalia tu.

Tela likiwa na ekseli mbili, waweza kuvua gurudumu lililoharibika, ukaifunga ekseli yake kwa mnyororo juu kwenye fremu, ukaenda polepole kwa yale yaliyobaki, mzigo ukiwa umepunguzwa. La kwetu lilikuwa na ekseli moja, hivyo shauri hilo halikutufaa. Na kama kilichovunjika ni ule mkono wa kuvutia, mahali pa kuchomelea, waweza kuufunga banzi kama mguu uliovunjika: mti mgumu ubavuni, waya au mnyororo kuzunguka, ukafika kijiji cha karibu kwa mwendo wa mtu anayetembea. Zaidi ya hapo usijidanganye.

Tuliyeyuka kwa jua mpaka saa nane. Mzee mmoja wa kijiji alikuja na jembe begani. Tukamwamkia shikamoo, akaitika, akalizunguka tela mara moja bila kusema neno, akatazama mawingu. Halafu akauliza, "Saruji hiyo mtailaza wapi?" Hatukuwa tumefikiri jambo hilo. Aliwaita vijana wake, wakabeba mifuko kumi na mmoja iliyosalimika mpaka barazani mwa madrasa, na mvua iliponyesha saa kumi na moja ilikuta njia tupu. Hivyo saruji ya kanisa ililala madrasani siku mbili, wala hapana aliyeona ajabu. Vijana wale tulitaka kuwalipa; yule mzee akasema wanunulieni soda, basi. Lakini usitegemee hivyo kila mahali. Kwingine patana bei kabla mtu hajashika mzigo, na mjulishe mwenyekiti wa kitongoji kwamba mali yenu italala hapo.

Fundi alifika jioni kwa pikipiki akitoka Mlandizi. Alipofungua habu akatoa vipande, akaniuliza namba ya beringi. Namba hiyo huchorwa kwenye uso wa beringi yenyewe, na ya kwetu ilikuwa imeungua kabisa, haisomeki. Akafungua gurudumu la pili apate kuisoma huko, akarudi Mlandizi, akakosa, ikabidi mtu aende mjini. Siku nzima ilipotea kwa ajili ya tarakimu chache. Kama una tela, siku fundi atakapolifungua, mwombe namba hizo uziandike mahali pasipopotea. Bora zaidi, nunua seti moja ya akiba, uipake grisi, uiweke katika kopo lenye mfuniko pamoja na kipini cha kufungia nati. Kopo hilo lisafiri na tela daima.

Na siku ya kupakia, mzigo mzito ukae mbele kidogo ya ekseli, si nyuma. Tela lililolemewa nyuma hutikisa mkia hata katika njia nzuri, nalo likianza kutikisa, dereva akikanyaga breki kwa nguvu hulizidisha. Aondoe mguu kwenye mafuta, aliache litulie. Taa za nyuma za tela wengi hawana. Basi japo vibandiko vinavyong'aa vyapatikana madukani. Juu ya mzigo asipande mtu.

Hilo la mwisho si langu kukufundisha. Siku ya tatu nilikwenda kumwona yule mtoto kwao, Kibaha. Alikuwa amekaa uani mkono umefungwa, akiwatazama wenzake wakicheza mpira, akanisalimu vizuri. Baba yake alinitolea kiti. Tulizungumza habari za mvua, na za hospitali, na za mganga aliyesema mfupa wa mtoto huunga upesi. Kisha akaniuliza, sauti yake haikupanda, "Karani, ulimwona anapanda?"

Nikamjibu, "Nilimwona, mzee."

Akanyamaza kitambo, akamwita mkewe alete chai.

Mtoto amepona, mkono anauinua sawasawa, na mwaka uliofuata alirudi altareni. Tela tulilirudisha kwa mwenyewe likiwa na beringi mpya pande zote mbili, na gharama tuligawana naye baada ya maneno mengi. Namba za beringi nimeziandika katika daftari la parokia, ukurasa ule ule wenye orodha ya saruji.