Kupiga Kambi Mlimani Si Mchezo

Sisi wanafunzi wa kutwa hapa Nanyuki huuona Mlima Kenya kila asubuhi tukielekea shuleni. Kitu ukikiona kila siku, huwa unadhani unakijua. Mimi nilidhani hivyo hivyo, mpaka nilipolala huko juu usiku mmoja ambao sitausahau aushi yangu. Nia ya makala haya ni kukueleza namna kambi ya mlimani inavyofanya kazi, ili zamu yako ikifika usirudie makosa yetu, na hasa kosa langu mimi.

Ilikuwa likizo ya Agosti mwaka jana. Chama chetu cha Kiswahili kiliungana na Chama cha Jiografia kuandaa safari ya siku tatu. Tulikuwa wanafunzi 22, walimu wawili na kiongozi mmoja wa mlima, mzee mkimya asiyependa mchezo. Mwenzangu wa hema alikuwa yule ninayekaa naye dawati moja. Mama yake huuza sukuma wiki sokoni, na alikuwa amelipa ada ya safari kidogo kidogo kwa wiki sita. Shika hilo, nitalirudia.

Mlima wenyewe

Kabla ya kuingia hemani, tujue tuko wapi. Mlima Kenya ni wa pili kwa urefu barani Afrika baada ya Kilimanjaro. Kilele chake cha juu kabisa ni Batian, chenye mita 5,199. Cha pili ni Nelion, mita 5,188, na cha tatu ni Lenana, mita 4,985. Batian na Nelion hukwewa kwa kamba, lakini Lenana hufikiwa kwa miguu. Ni huko Lenana ambako Kisoi Munyao alipandisha bendera yetu tulipojinyakulia uhuru mwaka 1963. Mlima ulifanywa mbuga ya kitaifa mwaka 1949, na mwaka 1997 UNESCO ikauweka katika orodha ya urithi wa dunia.

Kuna kisa kimoja cha hapa hapa kwetu ambacho wengi hatukijui. Mwaka 1943, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, Mwitaliano Felice Benuzzi na wenzake wawili walitoroka kutoka kambi ya wafungwa wa vita karibu na Nanyuki. Je, walikimbilia kwao? La hasha! Walipanda mlima kwa vifaa walivyojitengenezea kwa siri, wawili wao wakafika Lenana, kisha wote watatu wakarudi na kujisalimisha kambini. Mwenzao wa tatu alikuwa mgonjwa, akabaki chini. Mwalimu alipotusimulia hayo tulicheka. Baadaye sikucheka.

Sisi hatukuazimia kilele. Tuliingia kwa lango la Sirimon, lililo kwenye mita kama 2,650, tukachapa miguu kilomita 9 hadi Old Moses, mahali penye jengo la kulala wageni na uwanja mdogo wa kupigia hema kando yake. Pale ni mita 3,300. Njia huanzia kwenye msitu wa mierezi na mipodo, halafu miti inapungua, vinaanza vichaka virefu vyenye ndevu za kijivu, mwisho nyasi na upepo mtupu.

Namna ya kupiga hema

Watu wengi hudhani hema ni kusimamisha tu. Sivyo. Kwanza chagua mahali. Usipige hema bondeni ukidhani umejificha, kwa sababu hewa baridi ni nzito, na usiku huteremka na kutuama bondeni kama maji. Mvua nayo ikinyesha, bondeni ndiko inakokimbilia. Tafuta sehemu iliyoinuka kidogo na isiyo na mawe, kisha elekeza mlango upande usiotoka upepo. Vigingi vipigwe vikiinama, kichwa chake kikitazama mbali na hema, ndipo kamba zisiving'oe.

Pili, jihadhari na ardhi. Sisi tulibeba mablanketi mengi ya kujifunika, lakini ya kulalia tulibeba moja moja. Kumbe baridi kubwa hutoka chini! Mwili ukigusana na udongo baridi, joto lake linanyonywa usiku kucha, na uzito wako unalibana blanketi ulilolalia hadi hewa yote ndani yake inatoka. Ni hewa hiyo iliyonaswa ndani ya nyuzi inayozuia joto lisitoke. Kwa hivyo tandika zaidi kuliko unavyojifunika. Hata maboksi yaliyokunjuliwa au magunia makavu yanasaidia sana.

Tatu, usifunge hema kabisa kabisa. Watu wawili wakipumua usiku kucha, mvuke wa pumzi zao hugonga kitambaa baridi na kugeuka maji. Wenzetu wawili waliamka wakilalamika eti hema lao linavuja, na mvua haikuwa imenyesha hata tone. Acha upenyo kidogo juu.

Nne, mavazi. Hewa hupungua joto kwa takribani digrii 6 kila unapopanda mita 1,000. Kutoka mjini Nanyuki, penye mita kama 1,950, hadi Old Moses, hesabu hiyo inaleta tofauti ya karibu digrii 8, na hapo hujahesabu upepo. Nguo za pamba zikilowa jasho hukaa na maji na kukugandisha, kwa hivyo sweta la sufi ni bora kuliko jinzi yako ya kujionyesha. Weka soksi kavu za kulalia peke yake, usizivae mchana hata ukibembelezwa.

Tano, usafi na usalama. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini mwaka 2017, na tangu Juni 2020 hata chupa za plastiki za kutumia mara moja haziruhusiwi kuingizwa mbugani. Takataka zote unateremka nazo. Moto wa kuni tulikatazwa kabisa, na sababu ipo: mwezi Machi 2012 moto uliteketeza eneo kubwa la mlima huu. Nyasi za huko zikikauka hushika upesi, na upepo hauzimi, huchochea.

Githeri iliyokataa kuiva

Sasa tufike jikoni. Kikundi cha mapishi kilibeba mahindi na maharagwe makavu, stovu mbili na sufuria kubwa. Walibandika githeri saa kumi jioni. Saa kumi na mbili maji yanachemka kwelikweli, maharagwe ni changarawe. Saa mbili usiku, bado changarawe. Watu wakaanza kuwashuku wapishi, mmoja akasema stovu ni mbovu.

Stovu haikuwa na kosa lolote. Mwalimu wa Jiografia alitueleza hivi. Maji huchemka pale mvuke wake unapopata nguvu ya kuisukuma hewa iliyo juu yake. Kule Mombasa hewa ni nzito, kwa hivyo maji lazima yafike digrii 100 ndipo yachemke. Ukipanda juu, hewa inayokulemea ni kidogo, na maji yanachemka mapema. Nanyuki yanachemka kwenye digrii kama 93, Old Moses kwenye 89 hivi. Hata uongeze moto namna gani, maji yaliyo wazi hayapandi zaidi ya hapo, yanageuka mvuke tu na kwenda zake. Basi maharagwe yetu yalikuwa yakichemka bila kupata joto la kutosha kuiva. Dawa yake ni sufuria ya presha, ambayo hubana mvuke ili joto lipande, au kubeba vyakula vyepesi kama unga, mchele, ndengu, na maharagwe yaliyochemshwa kabisa nyumbani.

Tulikula hivyo hivyo kwa sababu ya njaa. Si vizuri. Maharagwe, hasa yale mekundu, yakiliwa mabichi yana sumu inayoweza kukutapisha. Na hapo ndipo mambo yalipoharibika, maana ile githeri ilitupa jibu la uongo.

Usiku wa mwenzangu

Kwenye saa tatu usiku wanafunzi wawili walilalamikia tumbo. Baadaye kidogo mwenzangu akatoka hemani mbio, akatapika. Mwalimu alisema, "Ni hii githeri yenu," akampa maji yenye sukari na chumvi, akamwambia alale. Kila mtu aliridhika na jibu hilo. Mimi peke yangu nilijua kuwa si kweli.

Nilijua kwa sababu kichwa kilianza kumuuma saa nane mchana, tungali njiani, kabla hata githeri haijabandikwa. Alikuwa ameniambia, halafu akanishika mkono: "Wee, usinisemee kwa mwalimu. Watanirudisha, na unajua vile mathe amehangaika." Nami nikamwahidi. Jioni hakula zaidi ya vijiko viwili. Nilikula chakula chake na nikashukuru moyoni. Hebu fikiria rafiki wa namna gani huyo!

Alipolala nilimsikia akipumua kwa kasi, halafu akinung'unika maneno yasiyoeleweka. Nilimuuliza kesho ni siku gani, akakawia kujibu, akakosea. Nikajiuliza: nikisema, nitakuwa nimevunja ahadi na kutupa pesa za mama yake. Nisiposema? Niliendelea kujiuliza kwa muda ambao leo naona ulikuwa mrefu mno. Mwishowe nikavaa viatu nikaenda kumwamsha mwalimu.

Kiongozi wa mlima aliniuliza swali moja tu: "Kichwa kilianza kabla ya kula ama baada?" Nilipojibu, aliinuka papo hapo. Alimsimamisha mwenzangu, akamwambia atembee kwa mstari ulionyooka, kisigino kikigusa vidole vya mguu wa nyuma, kama mtu anayepima shamba. Hatua ya tatu akayumba. Ya tano, mwalimu alimdaka.

"Anashuka sasa hivi," kiongozi akasema. "Si kesho." Alipiga simu langoni, kisha yeye na mwalimu mmoja wakamshika huku na huku wakateremka naye gizani. Askari wa KWS walikuja na gari wakawapokea njiani, maana msitu ule una ndovu na nyati.

Ugonjwa wa mlima ni nini?

Tukiwa shuleni hudhani kwamba huko juu hewa haina oksijeni. Si hivyo. Oksijeni ni asilimia 21 pwani na asilimia hiyo hiyo kileleni. Kinachobadilika ni msukumo wa hewa. Kwenye mita 3,300 msukumo ni kama theluthi mbili ya ule wa pwani, kwa hivyo kila pumzi inakuletea oksijeni kidogo. Mwili unaweza kuzoea, lakini unataka siku kadhaa, nasi tuliupa saa chache. Ndiyo sababu tunaambiwa tupande pole pole.

Dalili za kwanza ni kichwa kuuma, kukosa hamu ya chakula, kichefuchefu, kizunguzungu na kukosa usingizi. Ukizipata, usipande zaidi. Zikizidi, teremka. Mtu akianza kuyumba au kuchanganyikiwa, ubongo wake umeanza kuvimba. Akihema vibaya hata akiwa amekaa tu, huenda mapafu yanajaa maji. Hali hizo mbili huua, na dawa ya kwanza ni kuteremka mara moja, iwe usiku ama mchana. Tena ugonjwa huu haujali misuli. Mwenzangu ndiye mlinda lango wa timu yetu ya shule.

Sikulala tena usiku ule. Kulipopambazuka simu ililia, mwalimu akanipa niongee. Sauti ya mwenzangu ilikuwa dhaifu lakini maneno yalikuwa yake: "Nimekunywa chai na mkate nusu. Na wewe umenisemea." Sikujua nimjibu nini.

Tuliporudi nilienda naye kwao kwa hofu. Mama yake alinitazama kwa muda, kisha akanikaribisha chakula. Akasema pesa zitatafutwa nyingine. Kuhusu mtoto hakusema neno, lakini nilimwelewa.

Kwa hivyo, wenzangu, mkienda mlimani tandikeni vizuri, bebeni sufuria ya presha, acheni upenyo kwenye hema. Lakini mkisahau hayo yote, shikeni hili moja: kichwa kikikuuma, sema. Cha rafiki yako kikiuma na akakuomba unyamaze, sema vilevile. Wahenga hawakukosea waliponena kuwa mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi naongeza kuwa anayemsaidia kuficha naye ana lake la kujibu.

Kalamu naiweka chini. Mwenzangu amekaa hapa kando yangu akisoma ninachoandika, na amenikosoa mahali pamoja tu: anasema alikula vijiko vitatu.