Ishara za Tahadhari Kiwamboni: Jicho, Rangi na Neno

Kiolesura ni ile sehemu ya programu ambayo mtumiaji huiona na kuigusa: madirisha, vitufe, picha ndogo na maandishi. Humo, ishara ya tahadhari ina kazi moja tu, nayo ni kulitoa jicho pale lilipo na kulipeleka penye jambo linalohitaji uamuzi. Kazi hiyo ni ngumu kuliko inavyodhaniwa. Mwaka 1999, Daniel Simons na Christopher Chabris wa Chuo Kikuu cha Harvard waliwaonyesha watu filamu fupi na kuwataka wahesabu pasi za mpira. Takriban nusu yao hawakumwona mtu aliyevaa vazi la gorila akipita katikati ya wachezaji.

Mwendo una nguvu kuliko rangi, kwa kuwa pembe ya jicho hunasa upesi kinachosogea. Hata hivyo, nguvu hiyo yaweza kudhuru. Desemba 1997 nchini Japani, kipindi kimoja cha katuni za Pokémon kilimetameta kwa nyekundu na buluu, na watoto zaidi ya 600 wakapelekwa hospitalini. Mwongozo wa WCAG 2.0 wa mwaka 2008 unataka kitu kisimetemete zaidi ya mara 3 kwa sekunde. Rangi nayo haitoshi peke yake, maana wapo wasiotofautisha nyekundu na kijani.

Hatari kubwa zaidi ni mazoea. Kisanduku kinachojitokeza kwa kila jambo dogo hubonyezwa "Sawa" kabla hakijasomwa. Mfano ni mkulima wa Shinyalu, Kakamega, anayemtumia mwanawe karo kwa M-Pesa, huduma iliyoanza nchini Kenya Machi 2007. Kosa la tarakimu moja latosha kuipeleka karo kwa mtu asiyemjua. Swali "Una hakika?" halimfai kitu, kwani hakika anayo, asichokiona ni kosa. Hatua iliyoongezwa baadaye, ikaitwa Hakikisha, ilikuwa na busara zaidi: ilimwonyesha mtumaji jina la mpokeaji na kumwachia sekunde chache za kusitisha. Jina asilolitarajia humshtua mtu kuliko wekundu wowote.

Hapa ndipo mwanafunzi wa Kiswahili anapohusika. Mradi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam uliotoa Jambo OpenOffice mwaka 2004 ulionyesha kwamba programu nzima yaweza kusema Kiswahili, lakini tahadhari zina ugumu wake. Waundaji wa programu huandika sentensi yenye pengo, kisha kompyuta hujaza nomino. Kiingereza huvumilia pengo hilo. Upatanisho wa kisarufi wa Kiswahili hauvumilii: faili imefutwa, ujumbe umefutwa, kitabu kimefutwa. Likitokea "ujumbe imefutwa", msomaji hukwama kwenye sarufi na tahadhari yenyewe ikampita. Ni afadhali kila nomino iandikiwe sentensi yake kamili, hata kama kazi itaongezeka.

Vitufe navyo vina mtego. Swali likiwa "Ungependa kughairi malipo?" na vitufe vikiwa "Sawa" na "Ghairi", hakuna ajuaye kinachoghairiwa ni malipo au ni kule kughairi kwenyewe. "Sitisha malipo" na "Endelea kulipa" havina utata huo. Mfasiri aliyepewa orodha ya maneno bila kuonyeshwa kiwambo hawezi kulitambua tatizo hili, na mara nyingi orodha ndiyo pekee anayopewa.