Takse tunalipa, njia iko wapi? Milango ambayo koperative za Bungulu zinapaswa kubisha

Wakulima wengi wa Bungulu wanalala mu muji na wanalima mbali. Nyumba iko Bungulu, moja kati ya komine ine za muji wa Beni, pamoja na Beu, Mulekera na Ruwenzori. Shamba la kakao, la kahawa ao la mpunga liko inje ya muji, mu sekta ya Beni-Mbau ao mu sekta ya Ruwenzori. Na muzigo, kisha kukauka, unafuata barabara ya taifa namba 4 mpaka Kasindi, ku mupaka wa Uganda, karibu kilometa 80. Muzigo ni mumoja, lakini unapita mu mikono ya sekta, ya komine, ya muji, ya jimbo na ya huduma za taifa. Kila mukono unaomba kitu.

Ndiyo maana mu mikutano ya koperative ulizo moja linarudia kila mara: tunalipa kila siku, sasa njia ya kuenda ku shamba inatengenezwa na nani? Ulizo hilo si la kijinga. Njia ikikatika, mununuzi wa kakao hafiki. Mukulima anauza pale pale shambani, kwa bei ambayo mwenye pikipiki anataka, ao muzigo unaoza. Tangu mwezi wa kumi 2014, wakati mauaji ya raia yalianza mu eneo hili, kuko mashamba ambayo mutu hawezi kufika hata njia ikiwa nzuri. Lakini kwa yale ambayo tunaweza kufika, daraja la miti lililovunjika halipaswe kutushinda.

Jibu la ulizo hilo liko, na sheria imeliandika. Shida ni kwamba mara nyingi tunabisha mulango usio wake, na tunabisha mikono mitupu.

Serikali ina milango mingi

Katiba ya tarehe 18 mwezi wa pili 2006 inasema kwamba muji, komine, sekta na shefuri ni maeneo yanayojitawala. Maana yake: kila moja ina mamlaka yake, mali yake na budje yake. Sheria namba 08/016 ya tarehe 7 mwezi wa kumi 2008 inaeleza kazi ya kila moja.

Teritware haiko mu hesabu hiyo. Administrateri wa teritware ni mutumishi anayewakilisha jimbo na taifa. Teritware haina budje yake ya kujenga sawa vile sekta inayo. Kartie na avenyu vilevile hazina budje. Shefu wa kartie anaweza kupeleka sauti yako, na ni vizuri apitie yeye, lakini feza ya kujenga haiko kwake.

Tuangalie mifano. Soko dogo la Bungulu lina matope, mufereji umejaa takataka: hiyo ni kazi ya komine, kwa sababu sheria inaipa komine masoko ya eneo lake, njia zake ndogo na mifereji yake. Njia inayotoka ku barabara kubwa na kuingia mu mashamba ya Beni-Mbau: bisha kwanza ku sekta, na ku huduma ya taifa ya njia za kilimo (OVDA, zamani DVDA), iliyo chini ya wizara ya maendeleo ya vijiji. Barabara namba 4 yenyewe, ya kuenda Kasindi, si ya komine wala ya sekta. Ni barabara ya taifa, na Office des Routes ndiyo inaichunga. Burgumestre ukimulalamikia juu ya barabara ya Kasindi, atakusikiliza kwa heshima, lakini hawezi kuitengeneza.

Koperative ambayo wanamemba wake wanalala Bungulu na wanalima Beni-Mbau iko na haki ya kubisha milango yote miwili. Wengi wanasahau ule wa pili.

Franka 1,000 inagawanywa namna gani?

Kifungu cha 175 cha Katiba kinasema majimbo yanapata asilimia 40 ya mapato ya taifa, na kwamba sehemu hiyo inabakia ku chanzo, ni kusema jimbo linaitoa mbele feza haijaenda Kinshasa. Kifungu cha 181 kinaweka asilimia 10 ku sanduku la taifa la kusawazisha, kwa kusaidia majimbo yaliyobaki nyuma. Kisha, sheria ya 2008 inasema kwamba muji, komine, sekta na shefuri zinapata asilimia 40 ya ile sehemu ya majimbo.

Tufanye hesabu. Tuseme taifa limeingiza franka 1,000. Serikali kuu inabakia na 500, sanduku la kusawazisha linapata 100, majimbo yanapata 400. Ndani ya hizo 400, franka 160 zinapaswa kushuka mpaka ku miji, komine, sekta na shefuri. Kuzigawanya, sheria inaangalia kati ya mambo mengine hesabu ya watu na ukubwa wa eneo.

Ndivyo karatasi inavyosema. Mu matendo, kubakisha feza ku chanzo hakukufanyika. Feza inapanda Kinshasa, kisha inarudishwa kidogo kidogo, mara inachelewa, mara inafika nusu. Kwa hiyo komine nyingi zinaishi zaidi kwa takse wanazokusanya zenyewe: jetoni ya soko, ruhusa za biashara ndogo, karatasi za ofisi. Hapo ndipo mama muuza mboga na mukulima wanabeba muzigo unaopita nguvu zao. Ukielewa jambo hilo, utaelewa pia kwamba burgumestre mwenyewe mara nyingine ni mutu anayesubiri feza isiyofika. Koperative inaweza kusimama pamoja naye kwa kuidai ku jimbo.

Mali bila daftari

Kifungu cha 174 cha Katiba kina mambo mawili, na yote mawili yanatuhusu. La kwanza: hakuna kodi inayoweza kuwekwa pasipo sheria. La pili: kuchangia muzigo wa taifa ni lazima kwa kila mutu anayeishi mu Kongo. Yaani, kukataa kulipa kodi ya haki ni kosa, na kulipisha kodi isiyokuwa mu sheria ni kosa vilevile.

Namna gani kujua ya haki? Tangu tarehe 13 mwezi wa tatu 2018, kuko orodha. Ordonansi-sheria namba 18/004 inataja kodi, takse na malipo yote ambayo jimbo na maeneo yanayojitawala yana ruhusa ya kulipisha. Ile namba 18/003, ya siku ile ile, inataja za serikali kuu. Takse isiyokuwa mu orodha haina haki ya kulipishwa. Ku mupaka pia, dekre namba 036/2002 ya tarehe 28 mwezi wa tatu 2002 iliruhusu huduma ine tu kufanya kazi: duane, OCC, DGM na huduma ya afya ya mipakani. Yeyote mwengine anayeomba feza ku mupaka wa Kasindi anapaswa kuonyesha sheria iliyomuweka pale.

Lakini kujua haitoshi. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Mukulima mumoja akisema "wananisumbua", ni malalamiko. Koperative ikileta daftari la miezi sita, lenye tarehe, mahali, kiasi na jina la huduma, pamoja na vitansi vimefungwa nyuma, hiyo ni hesabu. Ofisi inaweza kupuuza malalamiko. Hesabu ni nguvu kuipuuza, kwa sababu burgumestre akijumlisha anaona mwenyewe: kama wauzaji wamelipa kiasi fulani, na ku sanduku ya komine kumeingia kiasi kidogo kuliko hicho, feza imepotea njiani, na yeye pia ameibiwa.

Angalisho moja hapa. Mbele ya mutu mwenye silaha, usibishane juu ya kitansi. Tangu tarehe 6 mwezi wa tano 2021 jimbo letu liko chini ya utawala wa kijeshi, na njia zetu zina bariyeri za aina nyingi. Pita salama, kumbuka mahali na saa, andika ukifika nyumbani. Daftari la koperative linasema kwa jina la wote. Mutu mumoja asijiweke mbele.

Budje inaandikwa wakati gani?

Mwaka wa budje unaanza tarehe 1 mwezi wa kwanza na kuisha tarehe 31 mwezi wa kumi na mbili. Kazi ya kuitayarisha inaanza miezi mingi mbele. Ukileta ombi lako mwezi wa kumi na mbili, utapata jibu la adabu na hakuna kingine. Leta mu miezi ya katikati ya mwaka, mbele ya mvua kubwa ya mwezi wa tisa na wa kumi, wakati ofisi bado inapanga.

Kisheria, budje ya komine inapaswa kujadiliwa na baraza la komine lililochaguliwa na raia. Bungulu haijapata baraza hilo. Uchaguzi wa washauri wa komine wa tarehe 20 mwezi wa kumi na mbili 2023 ulifanyika mu komine chache za miji mikubwa ya majimbo tu, na Beni haikuwa ndani. Kwa hiyo hakuna mushauri ambaye wewe ulimuchagua na ambaye anakaa ku meza wakati feza inapangwa. Koperative, vikundi vya wamama wa soko na mashirika ya raia ndio wanabakia kupeleka sauti, kwa barua.

Kwa kuandika barua, koperative inapaswa kuwa na uso mbele ya sheria. Kongo iliingia OHADA mwezi wa tisa 2012, na sheria ya OHADA juu ya koperative, iliyopitishwa Lomé tarehe 15 mwezi wa kumi na mbili 2010, ndiyo inatuongoza. Watu 5 wanatosha kuanzisha koperative ya kawaida. Ile yenye baraza la uongozi inaomba watu 15. Kikundi kisichoandikishwa kinaweza kusikilizwa, lakini barua yake haina uzito sawa.

Wengine walifanya namna gani?

Karibu na sisi, mu Kivu ya Kusini, kuanzia mwaka wa 2010 maeneo kadhaa, kama vile komine ya Ibanda mu Bukavu na shefuri ya Luhwindja, yalijaribu budje shirikishi kwa musaada wa Benki ya Dunia. Watu waliitwa ku mikutano, wakaambiwa feza iko kiasi gani, wakachagua kazi ya kufanya kwanza. Simu za mukononi zilitumiwa kwa kuita watu na kwa kupiga kura. Ugumu ulikuwa mwingi, lakini kitu kimoja kilibakia wazi: mutu anayejua feza yake inafanya nini analipa bila kufukuzwa.

Mbali kidogo, ku pwani ya Kenya, mukulima wa minazi wa Kilifi ao Kwale ana ugumu unaofanana na wetu: njia mbovu, ofisi mbali. Katiba yao ya 2010 iliunda kaunti 47, zilizoanza kazi mwaka wa 2013, na kuzipa pamoja si chini ya asilimia 15 ya mapato ya taifa. Angalia vizuri: asilimia 15, na sisi ku karatasi tuna 40. Tofauti ni kwamba kule sheria inalazimisha kaunti kuita wananchi mbele ya kupitisha budje, na kwamba wale wanaopitisha wamechaguliwa. Wao pia wanalalamika, na magavana wao wanadai feza inayochelewa kutoka Nairobi. Lakini mukulima anajua siku ya mukutano na mahali pake.

Kazi ya mukutano wenu unaokuja

Chagueni watu wawili wa kuchunga daftari la malipo, mama mumoja na baba mumoja, ambao si viongozi wa koperative. Kila memba alete vitansi vyake, hata vya zamani. Asiye na kitansi aseme mahali na kiasi; muandike pembeni "bila kitansi". Mistari hiyo isiyo na kitansi ndiyo itaonyesha feza inavuja wapi.

Kisha chagueni kazi moja tu. Si "maendeleo ya Bungulu", bali daraja fulani, mufereji fulani, kibanda cha kukaushia karibu na soko. Pimeni urefu, hesabuni miti na simenti, andikeni pia ninyi mutatoa nini: siku za salongo, mawe, muchanga. Barua yenye kuonyesha mikono yenu inasomwa tofauti na barua ya kuomba.

Ipelekeni ku ofisi yenye kazi hiyo, komine ao sekta, na nakala kwa shefu wa kartie. Ombeni nakala yenu ipigwe muhuri wa kupokelewa, wenye tarehe. Bila muhuri, barua haikufika. Kisha majuma manne, watu watatu warudi kuuliza, na jibu, hata likiwa "hapana", liandikwe mu daftari lile lile na lisomwe mbele ya wanamemba wote.