Kidonge kilichofichwa mfukoni mwa bwana

Jambo hili tunalinong'ona mtoni tukifua. Leo tuliandike. Ukikuta mfukoni mwa suruali ya bwana kidonge kimoja cha buluu kilichokatwa kwenye plaketi, usiwaze kwanza mwanamke mwingine. Mara nyingi ni haya tu: nguvu zimepungua, anaogopa kumwambia muuguzi, basi anaenda kwa muuza dawa wa sokoni.

Dawa yenyewe, sildenafili, si uchawi. Marekani iliikubali mwaka 1998 kwa jina la Viagra. Mwanzoni watafiti waliijaribu kwa maumivu ya kifua. Inalegeza mishipa ya damu, ndiyo maana wengine kichwa huwauma, uso huwaka, pua huziba, ama huona vitu vina rangi ya buluu. Hayo kwa kawaida hupita. Uume ukisimama zaidi ya saa nne, hapo ni hospitali mara moja, aibu au si aibu, kwani unaweza kuharibika kabisa.

Hatari kubwa ni kuichanganya na dawa za moyo za kundi la nitrati, kama trinitrini. Tansio huanguka ghafla, mtu anaweza kufa. Na sikilizeni hapa: bwana akimeza kidonge, kisha kifua kikamuuma, muuguzi asiyejua anaweza kumpa trinitrini hiyo hiyo. Bwana akinyamaza, wewe mke sema.

«Lakini wangu anakunywa za asili tu.» Mwisho wa mwaka 2018 mtu mmoja Uganda alilalamika kwamba kinywaji cha kuongeza nguvu, Power Natural High Energy Drink SX, kimemtoa jasho lisilokoma na kumsimamisha karibu saa sita. Kilitengenezwa Ndola, Zambia, ng'ambo tu ya mpaka wa Katanga. Kilipopimwa, ndani mlikuwa sildenafili. Chupa haikusema hivyo. Sasa mizizi ya chupa zisizo na jina, nani anazipima?

Tena, nguvu kupungua huweza kuwa dalili ya sukari au tansio iliyojificha, na kidonge cha sokoni hakiponyi hayo. Hapa Kiambi wengi hungoja mpaka mtu aanguke. Msindikize bwana kituo cha afya apimwe, na mbebe plaketi yenyewe, muuguzi asome jina na kipimo.