Kuyanywesha matumbawe chokaa

Msomaji wa Shanty Town, Moshi, amerithi tangi la samaki la maji chumvi. Samaki ni wazima, ila matumbawe yamedumaa na ncha zake zinamomonyoka. Taa ameshabadilisha. Anauliza anunue nini tena.

Kusafisha sponji, kufyonza uchafu mchangani, kubadili maji kidogo kila wiki: hayo ayafanye, sina la kuongeza. Mimi nataka kuzungumzia chokaa.

Tumbawe ni mnyama laini anayejijengea mifupa ya mawe kwa kalsiamu na kaboneti. Lita moja ya maji ya bahari ina kalsiamu miligramu 420 hivi. Bahari ya Hindi haiishiwi. Tangi huishiwa, na kinachotangulia kwisha ni ile hazina ya kaboneti na baikaboneti ambayo vitabu huiita ualkali. Neno lenyewe silipendi, linanuka sabuni. Nitaiita akiba.

Kati ya nyama na mfupa wa tumbawe kuna upenyo mwembamba kuliko unywele. Humo tumbawe linaingiza kalsiamu na kutoa asidi. Asidi ikipungua, baikaboneti hugeuka kaboneti. Kaboneti ikijaa, hushikana na kalsiamu na kuwa jiwe. Mwenye kihamba, shamba la migomba la Uchagani, ataelewa upesi. Maji ya mfongo, yaani mfereji wa kumwagilia, yakiwa machache hayafiki mbali, udongo unayanywa njiani. Basi huzuiwa kwenye nduwa, bwawa dogo la kuyakusanya, usiku kucha, na alfajiri zamu ikifika, nduwa inazibuliwa. Maji yaleyale machache yanashuka kwa nguvu hadi mgomba wa mwisho. Upenyo ule ndio nduwa ya tumbawe. Lakini nduwa inahitaji mtu wa kuziba nyufa, nalo tumbawe lililochoka kusukuma asidi ni ukingo unaovuja. Tena mfongo ukikauka huko juu, hata nduwa iliyosiribwa vizuri itabaki tope. Nadhani mfongo wa msomaji wetu, yaani akiba ya tangi lake, umekauka.

Sasa utamu wenyewe. Waliojenga Kilwa Kisiwani na Mji Mkongwe wa Zanzibar walichoma matumbawe kupata chokaa. Moto hufukuza kaboni dioksaidi kutoka kwenye jiwe. Chokaa hiyo ukiizima kwa maji, kisha ukadondoshea maji yake tangini, inaidaka kaboni dioksaidi iliyomo na kurudi kuwa kalsiamu na baikaboneti, kwa uwiano uleule ambao tumbawe hujengea. Tanuri linarudishwa nyuma!

Joto la Moshi linafaa kwa jambo hili. Maji ya tangi hukauka kila siku na kuacha chumvi, kwa hiyo lazima uongeze maji baridi. Basi yawe ya chokaa. Gramu 1.5 kwa lita, yatulie, uchote yale maangavu ya juu, yadondoke tone kwa tone usiku. Gizani miani iishio ndani ya matumbawe huacha kutumia kaboni dioksaidi, viumbe vyote vinaendelea kupumua, na asidi hupanda. Tone la chokaa linaikuta njiani.

Chokaa iwe kalsiamu haidroksaidi safi, si ya kupaka ukuta. Hata iliyo safi huunguza macho. Maji yachujwe kwanza kwa kichujio kinachoondoa floridi, maana baadhi ya chemchemi za Kilimanjaro zinayo.

Cha kununua, basi, ni kipimo cha akiba. Apime asubuhi na jioni kwa wiki nzima, aone inashuka kwa kasi gani, ndipo atie tone la kwanza.