KUONGOZA DARASA LENYE WATOTO WENGI: MAELEZO KWA WALIMU NA WAZAZI WA BARIADI NA MKOA WA SIMIYU

Watumishi wa umma na wananchi wanafahamishwa kuwa ukurasa huu unaeleza namna ya kufundisha Darasa la Kwanza na la Pili pale ambapo watoto ni wengi na mwalimu ni mmoja.

Mkoa wa Simiyu, wenye makao makuu Bariadi, ulianzishwa mwaka 2012. Sensa ya mwaka huo ilihesabu watu 1,584,157. Ile ya mwaka 2022 ilihesabu 2,140,497. Aidha, mwezi Januari 2016 Serikali ilianza kutekeleza elimumsingi bila malipo, na uandikishaji ukaongezeka. Hivyo si ajabu darasa kuzidi kiwango kilichowekwa cha watoto 45.

Katika darasa kama hilo, mtoto asiyejua kusoma hafanyi fujo. Hukaa nyuma, huitikia pamoja na wenzake, na huweza kufika Darasa la Tatu bila kugunduliwa. Kwa sababu hiyo walimu wanashauriwa kuzingatia yafuatayo:

(a) Kumsikiliza kila mtoto. Watoto 90 hawawezi kusikilizwa katika kipindi kimoja cha dakika 30. Mwalimu awasikilize kumi kila siku, kwa kufuata daftari la mahudhurio, wengine wakiandika. Baada ya siku tisa za masomo kila mmoja atakuwa amesoma peke yake mbele ya mwalimu.

(b) Kupanga makundi. Watoto wanane wakae pamoja, na anayekifahamu Kiswahili awe jirani ya yule ambaye nyumbani husikia Kisukuma tu. Kila kundi liwe na kiongozi wa kugawa na kukusanya vitabu, na nafasi hiyo ibadilishwe kila wiki.

(c) Kutofautisha matamshi na kutojua kusoma. Kisukuma hakina sauti ya "r". Mtoto anayetamka "kalamu" aonapo "karamu" asihesabiwe kuwa hajui kusoma; aulizwe maana kwanza, kisha azoezwe sauti hiyo kwa wimbo au mchezo.

(d) Zana. Vizibo vya soda na punje za mahindi hutosha kwa kuhesabu. Mbegu za pamba za kupandia zisitumike, kwa kuwa mara nyingi hutiwa dawa.

(e) Nidhamu. Makofi matatu yanayoitikiwa na darasa zima hutuliza watoto kuliko kelele za mwalimu. Ikumbukwe kuwa kanuni za mwaka 1979 hazikumpa kila mwalimu ruhusa ya kuchapa. Mamlaka hayo yaliwekwa kwa mkuu wa shule, au kwa mwalimu aliyeruhusiwa naye kwa maandishi, na kila adhabu huandikwa kitabuni. Mtoto mwenye hofu huficha asilolijua, na mwalimu hukosa nafasi ya kumsaidia.

Wazazi nao wana sehemu yao. Palizi ya pamba huangukia mwanzoni mwa mwaka, wakati ambapo mtoto wa Darasa la Kwanza anajifunza herufi za mwanzo. Anayebakizwa shambani au machungani majuma mawili hurudi na kuwakuta wenzake wakiunganisha silabi.

Mkoa huu umekwisha kuona faida ya ushirikiano. Mpango wa EQUIP-Tanzania, ulioanza mwaka 2014 kwa msaada wa Uingereza, ulitumia wakazi wa vijijini waliojitolea kuwaandaa watoto kwa hadithi, nyimbo na michezo kabla ya kuanza shule. Mpango huo umekwisha, lakini hadithi na nyimbo hazihitaji mfadhili.

Kwa hiyo walimu wakuu wanaombwa kukagua kila mwezi orodha ya watoto waliosikilizwa wakisoma, na kila mzazi anaombwa kumpa mwanawe kitabu jioni na kumwambia: "Nisomee." Asiyejua kusoma mwenyewe naye anaweza kufanya hivyo, maana kusitasita kwa mtoto husikika.